Kung'olewa Meno Sita na Kuvaa Meno Bandia: Tathmini ya Kliniki Moja ya Arusha

Kwa muda wa miezi 11 nimekuwa mgonjwa wa kliniki moja ya meno iliyo katikati ya mji wa Arusha, ambako niling'olewa meno sita yaliyokuwa yamesalia katika taya la juu na kutengenezewa meno bandia ya taya hilo lote. Sitaitaja kwa jina, kwa sababu humu mna malalamiko ambayo tumekwisha kuyazungumza ana kwa ana na wahusika, na sioni haja ya kuwaanika. Ninaandika kwa ajili ya mtu ambaye, kama mimi, amekaa na meno yanayocheza mdomoni kwa miaka kadhaa, akijipa moyo kwa karafuu na vidonge vya maumivu, kwa sababu tu hawezi kujipeleka kwenye kiti kile.

Hofu yangu ina tarehe. Mwaka 1971, nikiwa darasa la nne, nilipelekwa kwenye zahanati kijijini na shavu lililovimba kama niliyeficha kiazi. Nilidungwa sindano, nikaambiwa nisubiri nje chini ya mti, kisha nikaitwa ndani, na watu wazima wawili wakanishika mikono. Ganzi haikushika. Tangu siku ile nimezaa watoto wanne na kufanyiwa upasuaji wa tumbo bila kutetemeka, lakini harufu ya dawa ya meno ya hospitali ikinifikia tu, viganja hutoa jasho. Ndiyo maana ugonjwa wa fizi uliponianza nilinyamaza, hadi mfupa unaoshika meno ya juu ukaisha na meno yakawa yanayumba nikila hata wali.

Daktari aliyenipokea ni kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho. Alinipa shikamoo kabla ya kunikaribisha kiti, nami nikamwitikia marahaba na hapo hapo nikamwambia kwamba ninaogopa. Hakucheka, wala hakuniambia kwamba hakuna cha kuogopa, maneno ambayo kwa maoni yangu yangefaa kupigwa marufuku katika kliniki zote za meno. Alisukuma mbali kile kijimeza chenye vyuma, akavuta kigoda akaketi chini ya usawa wa macho yangu, akauliza ni lini na wapi niliumizwa. Nilipomaliza kumsimulia habari ya zahanati, alisema, "Mwalimu, jino lile lilikuwa na jipu. Penye usaha pana asidi, na asidi huizuia ganzi isiingie vizuri kwenye neva. Hawakutakiwa kuling'oa siku ile. Walitakiwa kwanza kutuliza uvimbe."

Kwa zaidi ya miaka 50 nilikuwa nimeamini kwamba mimi ni mtu asiyeshikwa na ganzi, na nilikuwa nimejiandaa kumwomba anilaze usingizi kabisa kama wafanyiwavyo wanaopasuliwa. Kumbe lilikuwa suala la usaha. Jino langu moja la mbele lilikuwa pia limeanza kuvimba pembeni mwa ufizi, kwa hiyo alinipa dawa za kuua vijidudu za siku tano, akanipangia siku ya wiki iliyofuata, akaniagiza nije nikiwa nimekula na nimemeza kidonge changu cha presha kama kawaida. Huu ndio uamuzi unaonifanya niisifu kliniki hii, maana nilikuwa nimekuja na fedha mkononi na ingekuwa rahisi kwao kuning'oa siku ile ile.

Siku yenyewe ilipofika, muuguzi alinipima presha akakuta 168 kwa 98. Hawakunirudisha nyumbani wala hawakunikimbiza kitini. Walinikalisha karibu na dirisha kwa nusu saa, wakapima tena ikawa 150 kwa 90, ndipo tukaanza. Tulipatana kwamba nikitaka asimame nitainua mkono wa kushoto, kwa kuwa yeye hufanya kazi upande wa kulia na hakutaka nimpige kiwiko akiwa na chuma mdomoni mwangu. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia: kabla ya sindano yoyote aligusa ufizi kwa kioo kidogo, akaniambia niinue mkono, nikauinua, naye akatoa kioo papo hapo na kukaa nyuma. Tulifanya hivyo mara mbili, kama watoto wanaojifunza kuvuka barabara. Mkono wangu ulikuwa na nguvu, nami nilikuwa nimeiona nguvu hiyo ikifanya kazi.

Kuhusu sindano nitasema kweli, kwa sababu yeye alinieleza kweli. Kwanza alipaka kwenye ufizi mafuta mazito yenye ladha ya ndizi ya bandia, akasubiri dakika mbili, na sindano ya upande wa mdomo niliisikia kama kufinywa. Ile ya kwenye kaakaa ndiyo yenye maumivu, kwani nyama ya pale imeshikamana sana na mfupa. Alinitahadharisha mapema kwamba itauma nihesabu hadi kumi, na nilipofika saba ilikuwa imekwisha. Alinitahadharisha pia kwamba moyo ungeenda mbio kidogo kutokana na adrenalini inayochanganywa na ganzi ili ikae muda mrefu na damu isitoke kwa wingi. Ulipoanza kudunda nilikuwa ninajua ni dawa, na ukatulia wenyewe. Bila maelezo hayo ningedhani ninakufa, ningeshuka kitini.

"Utasikia kusukumwa, hutasikia kuumwa," alisema, "na utasikia mlio kama wa kuni inayopasuka, kwa sababu mfupa wa kichwa unapeleka sauti sikioni." Niliinua mkono mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na maumivu hasa, naye akaongeza ganzi. Mara ya pili hapakuwa na maumivu. Ni ule mlio tu uliokuwa umenirudisha chini ya mti wa zahanati. Alisimama vilevile, hakuuliza kwa nini, akasubiri nimeze mate. Meno matatu yalitoka kwa muda usiozidi robo saa, na yale matatu ya upande wa pili aliyatoa wiki mbili baadaye. Siku hiyo ya pili presha yangu ilikuwa 142 kwa 86, na sikuwa nimeongezewa kidonge chochote.

Huduma ya baada ya kung'oa ilikuwa nzuri, isipokuwa kwamba karatasi ya maelekezo imeandikwa kwa Kiingereza kitupu, jambo la ajabu katika kliniki ambayo tangu mlangoni hadi kwa keshia sikusikia mtu akizungumza Kiingereza. Muuguzi alinisomea kwa Kiswahili, nami kwa mazoea ya kazi nikaandika pembeni: kung'ata shashi kwa nusu saa, kutosukutua wala kutema mate kwa nguvu kwa saa 24, ili damu iliyoganda kwenye tundu isitoke na kuuacha mfupa wazi, baada ya hapo kusukutua taratibu kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Alisisitiza pia nisimeze aspirini kwa ajili ya maumivu, kwa vile huchelewesha damu kuganda. Paracetamol ilinitosha.

Upande wa meno bandia, sifa na lawama zimechanganyika. Nilipewa hiari ya kutengenezewa meno ya kuvaa siku ile ile ya kung'olewa, au kusubiri fizi zipone kwanza. Nilichagua kusubiri, nikakaa majuma kumi nikila mtori na uji, nikienda kanisani na misibani na mtandio ukifika puani. Kisha zikaja ziara tano. Katika ile ya kwanza, kijisinia cha chuma hujazwa algineti, unga unaotokana na mwani ambao ukikorogwa na maji huwa mzito kama uji wa mgonjwa, na kijisinia hicho hubanwa kwenye kaakaa hadi uji ugande. Hapa ndipo karibu nitapike. Daktari aliniinamisha mbele, akaniambia nipumue kwa pua na niinue mguu mmoja juu bila kuushusha. Niliona ni upuuzi, lakini mtu mwenye umri wangu anayehangaika kushikilia mguu hewani hana nafasi ya kufikiria koo lake. Uji uliganda, nikashusha mguu.

Ziara ya nne ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote, na ningemsihi kila anayetengenezewa meno asikubali kuiruka. Katika ziara hiyo meno huwa yamepangwa kwenye nta tu, kwa hiyo kila kitu bado kinaweza kubadilishwa. Fundi alikuwa amenipangia meno meupe ya tangazo la dawa ya mswaki. Mimi nimekulia upande wa Maji ya Chai, na sisi tuliokunywa maji ya vijito vya Mlima Meru tungali watoto tunajulikana kwa meno yetu ya kahawia. Madini ya floraidi katika maji mengi ya kule hupita miligramu 1.5 kwa lita, ambacho ndicho kiwango cha Shirika la Afya Duniani, na hulitia jino madoa lingali linaumbika ndani ya taya. Meno yangu ya chini bado ninayo, na rangi yake ni ile ile. Mwanangu aliyeko Dar es Salaam alishauri kwa simu kwamba nichukue meupe, sasa ndiyo nafasi ya kuondokana na kahawia. Nilikataa. Sikutaka kufungua mdomo nikaonekana nina watu wawili ndani. Fundi alileta kibao cha rangi chenye aina 16 za weupe, tukaenda nacho dirishani kwenye mwanga wa jua, tukachagua karibu na ile iliyokoza kuliko zote. Hayana madoa, lakini hayagombani na yale ya chini.

Katika ziara hiyo hiyo daktari alinitaka nihesabu kwa sauti kuanzia sitini na sita, kisha niseme thelathini, dhahabu na faida. "Faida" ikatoka "vaida". Alieleza kwamba meno ya mbele yamekuwa marefu mno na yanagandamiza mdomo wa chini, akamrudishia fundi, na baada ya wiki moja nikasema faida kama nilivyoisema miaka yote darasani. Kwa marekebisho hayo sikutozwa kitu.

Sasa malalamiko. Meno niliyoahidiwa baada ya majuma mawili yalichukua majuma matano, na katika muda huo wote hakuna aliyenipigia simu. Kila nilipopiga mimi niliambiwa "yako kwa fundi". Niliikosa harusi ya mtoto wa dada yangu kwa sababu hiyo, maana sikuwa tayari kukaa meza ya mbele nikiwa pengo tupu. Pili, meno yalipokuja yalinichubua chini ya mdomo wa juu, pale penye kamba ndogo ya nyama, nikayaweka kabatini kwa siku nne na mume wangu akaanza kutafuta msasa. Nilipokwenda kliniki kidonda kilikuwa kimepona, daktari hakuona pa kupunguza, nikarudishwa nyumbani niyavae hadi kesho yake ili alama ionekane. Nauli mara mbili, kwa jambo ambalo lingeandikwa katika mstari mmoja siku ya kukabidhiwa: ukichubuka, yavae siku moja kabla ya kuja.

La tatu ndilo lililoniudhi hasa. Baada ya kung'olewa meno, mfupa wa taya hupungua, na hupungua kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Kwa hiyo meno bandia yaliyokaa sawasawa leo hulegea baada ya miezi michache na huhitaji kuwekewa tabaka jipya kwa ndani. Hilo ni jambo la kawaida na daktari alilieleza vizuri, ila alilieleza mwezi wa sita, wakati meno yalipokuwa yanadondoka nikipiga chafya, pamoja na bei ya shilingi 90,000. Bima yangu ilikuwa imelipia kung'oa, lakini meno bandia niliyalipia mwenyewe shilingi 450,000, nusu kabla ya kazi kuanza, nikiamini kwamba hesabu imefungwa. Nilimwambia kwamba mtu aliyejua kunionya kuhusu mlio wa kuni asingeshindwa kunionya kuhusu hizo 90,000. Alikubali, akaomba radhi, na nimeambiwa kwamba sasa bei hiyo imebandikwa ukutani karibu na keshia.

Kwa matumizi ya kila siku, meno haya ya akriliki, yaani plastiki ngumu, yanatimiza kazi yake. Wali, samaki, ndizi na ugali ninakula vizuri kwa kutafuna pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu ukitafuna upande mmoja upande wa pili huinuka. Muwa nimeuaga. Mahindi ya kuchoma ninayapukuchua kwa kisu kwanza. Ladha ya chakula ilipungua mwezi wa kwanza kwa kuwa kaakaa limefunikwa, kisha ikarudi. Usiku ninayavua na kuyaweka kwenye kikombe cha maji baridi, na ninayasugua kwa brashi laini na sabuni juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasigonge sakafu.

Juma lililopita gego la chini upande wa kulia limeanza kunivuta. Nimepiga simu mwenyewe na kupangiwa Jumanne saa tatu asubuhi, baada ya chai.