Tahadhari: viti na pedali za baiskeli zinazouzwa kwa jina la "orijino" jijini Dar es Salaam

Waendesha baiskeli wa Dar es Salaam, Kibaha na Bagamoyo, hasa wale wanaonunua vifaa kupitia kurasa za mitandao ya kijamii, wanaombwa wasome taarifa hii kabla ya kumtumia pesa muuzaji yeyote anayetangaza viti vya ngozi, pedali za beringi zilizofungwa na kliti (vibao vinavyofungwa chini ya viatu ili vinase kwenye pedali) kwa bei iliyo chini kidogo tu ya bei ya Ulaya. Yupo muuzaji mmoja anayeuza vifaa hivyo kama bidhaa halisi za daraja la juu, ilhali vilivyotufikia mimi na wenzangu tunaoendesha pamoja mwishoni mwa wiki vimechanika, vimekatika au vimechomoka ndani ya muda mfupi, na pedali moja ilimwangusha mwenzetu kwenye mteremko wa Pugu. Jina la ukurasa wake silitaji, kwa sababu limekwisha kubadilishwa zaidi ya mara moja na anayelitafuta leo huenda asilikute kesho. Chapa iliyogongwa juu ya vifaa hivyo siitaji pia, kwa kuwa kiwanda chenye chapa hiyo hakihusiki kwa lolote na biashara hii.

Nianze na pedali, maana kiti kikiharibika njiani mtu anaweza kurudi nyumbani amesimama, lakini pedali ikichomoka mguu ukiwa umeikandamiza kwa nguvu zote hakuna cha kushikilia. Tangazo lilisema kwamba kila pedali ina beringi tatu zilizofungwa zisipitishe maji wala vumbi, na kwamba ekseli yake ni ya chuma kigumu cha kromu na molibdeni. Tulipozipeleka kwa fundi akazifungua mbele yetu, tulikuta beringi moja tu, ile ya upande wa mkono wa pedali (kile chuma kirefu ambacho pedali hukazwa kwenye ncha yake), na upande wa nje bushi ya plastiki isiyo na hata chembe ya grisi. Kasoro hiyo inaeleza kila kilichofuata. Bushi kavu hulika haraka, mwili wa pedali huanza kucheza, uzito wote wa mguu huhamia kwenye ile beringi moja ambayo haikutengenezwa kuubeba peke yake, gololi zake hupasua kizimba chake, na mwishowe mwili wa pedali huteleza ukatoka mzima huku ekseli ikibaki imekazwa kwenye mkono wake. Mwenzetu alidhani amesahau kukaza pedali. Ekseli ilikuwa palepale, imekazwa barabara.

Hesi nazo zina matatizo yake. Pedali za baiskeli nyingi za watu wazima zina hesi ya inchi 9/16 yenye mikato 20 kwa kila inchi, na ile ya kushoto hukazwa kinyume, yaani kwa kuizungusha kushoto, ili mwendo wa mguu usiilegeze njiani. Hesi za pedali tulizouziwa zilikatwa kwa kina kifupi, kiasi kwamba zinaingia kwa vidole bila ukinzani wowote mpaka mwisho. Mnunuzi asiyejua hufurahi kwamba zimeingia kirahisi. Ukweli ni kwamba mkono wa pedali kwa kawaida ni wa alumini, ambayo ni laini kuliko chuma, na hesi isiyoshika sawasawa huutafuna mkono huo kidogokidogo kila inapokandamizwa, mpaka siku moja pedali ing'oke pamoja na hesi za mkono wenyewe. Hapo hasara si ya pedali tena, ni ya mkono mzima, na kwa baadhi ya baiskeli mkono huo ni ghali kuliko pedali hizo mara kadhaa. Shimano, kampuni ya Japani ya vifaa vya baiskeli, kwa mfano, huelekeza pedali zake zikazwe kwa nguvu ya kati ya niutoni-mita 35 na 55. Pedali hizi zilianza kuteleza kwenye hesi kabla fundi hajakaribia kiwango hicho.

Kuhusu kliti nitasema kwa ufupi. Katika mfumo wa Shimano wa bolti tatu, rangi ina maana: ya njano humruhusu mwendeshaji kugeuza kisigino kwa nyuzi 6, ya buluu nyuzi 2, na nyekundu haimruhusu kabisa. Tulizouziwa ni za njano zisizogeuka hata kidogo, jambo ambalo goti hulihisi kabla ya mtu kulitambua. Zile ndogo za bolti mbili, za viatu vya njia mbovu, kingo zake zilibonyea mapema, zikawa zinaachia mguu katikati ya mlima na kugoma kuuachia kwenye taa za Ubungo, mahali ambapo mtu anahitaji kuweka mguu chini haraka kuliko popote.

Viti ndivyo vilivyowavutia wengi, na hapa udanganyifu umefanywa kwa ustadi zaidi. Kiti cha ngozi cha kweli ni kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa kwa magome ya miti, chenye unene wa karibu milimita 5, kilichotandazwa kwenye fremu ya chuma kikashikwa kwa ribiti mbele na nyuma, kikaning'inia katikati kama kitanda cha kamba, bila sponji wala plastiki chini yake. Kampuni ya Brooks, iliyoanzishwa Birmingham nchini Uingereza mwaka 1866 na ambayo mpaka leo hutengeneza viti vyake vya ngozi Smethwick, jirani na mji huo, imeujenga umaarufu wake juu ya muundo huo huo. Kwenye pua ya kiti kuna bolti ambayo mwenyewe huikaza kidogo sana ngozi inapolegea baada ya muda mrefu. Mwanzoni kiti hicho ni kigumu, baadaye hufuata umbo la aliyekikalia, na kikitunzwa hudumu miaka mingi. Kwa sababu hiyo watu wako tayari kukilipia zaidi ya euro 100, na kwa sababu hiyo hiyo matapeli wamekigeukia.

Tulichouziwa hakina kipande kizima cha ngozi. Ni chengachenga za ngozi zilizosagwa, zikachanganywa na gundi, zikabandikwa kwenye kitambaa na kufunikwa kwa utando wa plastiki uliochapwa vinyweleo vya bandia. Ukitazama kwa juu huwezi kukikataa. Ukitazama ukingo uliokatwa, ndipo unapoona matabaka, na ukikipindua unakuta kitambaa au rangi iliyopakwa badala ya upande wa nyama wenye manyoyamanyoya ya ngozi halisi. Ribiti zilitoboa mashimo yake zikatokeza upande wa pili, kwa kuwa nyuzi za ngozi nzima zimesukana zenyewe kwa zenyewe na hushika ribiti, ilhali chengachenga hazina kitu cha kushikia. Tulipolalamika, muuzaji alitushauri tukaze bolti ya mbele. Ushauri huo uliongeza kasi ya kuchanika, na nina shaka kama alikuwa hajui.

Viti vyake vya sponji vilivyofunikwa kwa reksini vina ugonjwa mwingine, nao unawahusu sana wakazi wa pwani. Reksini nyingi za siku hizi, pamoja na sponji na gundi zake, hutengenezwa kwa poliyurethani, na aina hafifu za plastiki hiyo huvunjwavunjwa na unyevu wa hewa ukichanganyika na joto, hata kama kifaa hakijawahi kutumika. Kiti kilichokaa muda mrefu katika stoo yenye joto huanza kunata, kisha ngozi yake ya bandia hubanduka vipandevipande na sponji kugeuka unga. Kwa hiyo maneno "mpya, bado kwenye boksi" hayana uzito wowote hapa Dar es Salaam usipojua boksi hilo limekaa wapi na kwa muda gani.

Tangazo lilidai pia kwamba reli za chini ya kiti ni za titaniamu. Sumaku ndogo ilizishika mara moja, na titaniamu haishikwi na sumaku. Tahadhari tu kwamba kipimo hiki kinafanya kazi upande mmoja: reli ikishika sumaku si titaniamu, lakini isiposhika bado inaweza kuwa chuma cha pua cha aina isiyovutwa na sumaku. Reli ya duara ya kawaida ina kipenyo cha milimita 7, na vibanio vya bomba la kiti vimetengenezwa kwa kipimo hicho. Hizi zilikuwa nyembamba kidogo, hivyo kiti kiliinamisha pua kila safari, mwenyewe akakaza zaidi, na reli ikakatika ukingoni mwa kibanio. Sehemu iliyokatika ilikuwa nusu na kutu na nusu ikimetameta, maana yake ufa ulikuwapo siku nyingi kabla ya siku ya kukatika.

Haki ya mtu ni vyema itolewe hata akiwa tapeli. Kiti halisi cha ngozi nacho hufa kikinyeshewa na kuachwa juani bila kupakwa nta yake, na pedali nzuri nayo hugandana na mkono wa alumini kwa chumvi ya bahari ikiwa imefungwa bila grisi kwenye hesi. Vifaa tunavyovizungumzia, hata hivyo, vilifungwa na fundi anayejua kazi yake, na viliharibika katika sehemu ambazo matunzo hayazifikii. Ningeongeza kwamba kiti cha mtumba kilichokuja na baiskeli ya Japani, kisicho na jina kubwa wala mbwembwe, kimevishinda viti hivi vyote kwa uvumilivu, na bei yake haina aibu.

Namna anavyofanya biashara inatambulika. Picha zake zimechukuliwa kwenye tovuti za viwanda, na ukiomba picha ya upande wa chini wa kiti, au video fupi ya pedali ikizungushwa ekseli, atasema mzigo uko njiani kutoka Dubai. Anataka pesa yote kabla, kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ambayo jina lake halifanani na jina la ukurasa, wala hana Lipa Namba. Mzigo huletwa na bodaboda asiyejua chochote, anayekabidhi na kuondoka. Risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, haitolewi. Hutolewa karatasi yenye mhuri na maneno "bidhaa ikishauzwa hairudishwi". Bei yake haishuki mno, kwa hiyo haimshtui mnunuzi, na huo ndio ujanja wake mkubwa. Mteja akilalamika huambiwa kwanza kwamba amefunga vibaya, kisha kwamba ni mzito mno, kisha anazuiwa asiweze kutuma ujumbe tena. Anapenda pia kusema kwamba bidhaa zake "zina cheti cha ISO". ISO ni shirika la kimataifa la viwango, na viwango vyake vya ISO 4210 vinavyohusu usalama wa baiskeli vipo kweli, sehemu ya 8 ikieleza namna ya kupima pedali na ya 9 viti na mabomba yake, lakini shirika la ISO lenyewe halimpi mtu yeyote cheti, kwa hiyo atakayesema hivyo aulizwe ni maabara gani iliyopima, na karatasi ya majibu iko wapi.

Aliyekwisha kununua pedali za namna hii azitoe kabla ya safari nyingine yoyote, azishike mwili na kuuvuta kuelekea nje na kuutikisa juu na chini. Zikicheza, zisirudishwe kwenye baiskeli hata kwa safari ya sokoni. Akague pia hesi za mkono wa pedali kwa mwanga mzuri, na reli za kiti afungue kibanio azipanguse, kwa sababu ufa huanzia pale ambapo kibanio hupaficha.

Vifaa vilivyovunjika visitupwe. Boksi, karatasi ya mhuri, picha za tangazo zenye tarehe, mazungumzo ya simu na ujumbe wa muamala vihifadhiwe pamoja, kwa kuwa bila hivyo malalamiko hubaki maneno matupu. Kudanganya kuhusu ubora wa bidhaa kunaangukia chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na kugonga chapa ya mwingine kwenye bidhaa bandia kunaangukia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Zote mbili zinasimamiwa na Tume ya Ushindani, ambayo hupokea malalamiko ya mtumiaji mmojammoja. Sisi tumeshaandika yetu, tukaambatanisha picha za ekseli, reli na ribiti. Mwingine yeyote aliyeuziwa kwa njia hizi apeleke ya kwake kwa jina lake mwenyewe na kwa vielelezo vyake, akitaja namba ya simu aliyotumia kulipia, kwa maana ukurasa hubadilika jina lakini namba hiyo, mpaka leo hii ninapoandika, haijabadilika.