Mwalimu wa amali: semina au saiti?

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, katika sekondari za Tanzania. Mwalimu wa hesabu wa mkondo huo tumwandaeje: kwa semina, au kwa kumpeleka saiti ya ujenzi?

Semina ni nafuu: siku chache, walimu wengi kwa mpigo, mtaala unaeleweka. Lakini mwalimu anarudi na makabrasha tu.

Kumpeleka saiti kunakula muda, na shule zikiwa wazi vipindi vyake lazima mwenzake avishike. Hata hivyo naichagua hii, walau wiki mbili za likizo. Fundi akiweka msingi huvuta kamba: futi 3 upande huu, futi 4 ule, mshazari ukisoma 5 kona ni nyuzi 90 kamili. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, kwenye vumbi. Mwalimu aliyeishika kamba hiyo mwenyewe hataanza somo na herufi ubaoni. Atawatoa wanafunzi uwanjani.