White Dot ya Columbia 300: mpira wa plastiki utakaokufundisha spea

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo mezani kuna huu hapa, White Dot wa Columbia 300, mpira wa bouling wa plastiki, na najua kuna mtu ashaanza kuandika kwenye komenti "mbona plastiki, tuletee ile inayokata kona". Tulia kwanza nisikilize.

Piga hesabu hii. Mtu anaangusha pini 9 kati ya 10 kila freimu, yaani kila zamu yake ya kurusha, mpira wa pili anakosa, freimu zote 10 hivyo hivyo, anatoka na 90. Mwenzake anaangusha 9 hizo hizo ila ile moja iliyobaki anaimaliza kwa mpira wa pili kila mara, hiyo ndo spea, na kila spea ni 10 jumlisha pini za mpira unaofuata, yaani 19 kwa freimu, huyo anatoka na 190. Na hakuna straiki, yaani kuangusha zote kwa mpira wa kwanza, hata moja hapo! Kwaio ukiniuliza ufundi uanzie wapi mimi nakwambia anza na spea, na spea ndo kazi ya huu mpira.

Leni, ile njia unayoviringishia mpira, inapakwa mafuta, sehemu nyingi yanafika kama futi 40 hivi kati ya zile futi 60 mpaka pini ya mbele, na katikati yanakuwa mengi kuliko pembeni. Sasa mipira ya reaktivu, ile inayokata kona, ganda lake linashika mbao, ikitoka kwenye mafuta inapinda, na kwa straiki hiyo ni raha kwa sababu unaingia kati ya pini ya 1, ile ya mbele, na ya 3 iliyo nyuma yake kulia, kwa pembe nzuri. Lakini ikibaki pini ya 10 kule kona ya kulia na wewe ni wa mkono wa kulia, unaurusha safi kabisa afu mwishoni unakata kushoto, pini imesimama palepale. Plastiki haina hayo mambo, ulipolenga ndo inapoenda. Simama kushoto, pitisha kwenye mshale wa nne uliochorwa kwenye leni, ule wa katikati, kifua kiangalie pini, usikunje kiwiko, achia.

Ila wadau, kwangu mimi utamu wa mpira wako mwenyewe uko kwenye matundu. Ile ya kuazima pale ukumbini matundu yake ni ya kila mtu, dole gumba linacheza ndani, kwaio unaubana usidondoke, na ukibana kiganja kinakaza, dole linachelewa kutoka, mpira unaachiwa juu unatua puu kwenye mbao. Huu unatobolewa kwa kipimo chako, fundi anapima toka dole gumba mpaka vidole vya kati ndo anaanza kazi. Angalieni hapa nasogeza kamera: dole linaingia lote, linagusa pande zote, nikilegeza linatoka lenyewe bila kuvuta. Nikiuning'iniza hivi haudondoki na sijabana kitu, na hapo ndo mkono unabembea wenyewe, ukipita kwenye kifundo cha mguu dole gumba linatoka kwanza, vidole viwili vinafuata. Hiyo tofauti utaisikia siku ya kwanza, kweli kabisa.

Kasoro ipo. Kwa straiki ni dhaifu, unaingia umenyooka, ukigonga pini ya mbele unasukumwa pembeni na unaacha pini nyuma, kwaio mtu ambaye tayari anapindisha vizuri huu uwe mpira wa pili, sio wa pekee. Afu ukiagiza toka Marekani jua mzigo mzito gharama yake ya usafiri sio ya mchezo, weka na hela ya kutoboa.

Uzito sasa, mwisho unaoruhusiwa ni paundi 16 na sio lazima ubebe hiyo, ukiona bega linashuka upande mmoja huo ni mzito, punguza. Mimi wangu ni 14. Niandikieni hapo chini mnatumia ngapi, na kona ipi inawasumbua, ya pini ya 7 kule kushoto au ya 10 kule kulia.