Someni mfuniko! Uzoefu wangu wa kubadilisha oili ya stelingi kwenye gari la zamani

Nilipoanza kuandika maoni haya nilikuwa nimepanga kuipa gereji hii alama tatu kati ya tano. Breki walizifunga vizuri, gari walilitoa siku waliyoahidi, na kwenye malipo hawakunizungusha. Hayo ni ya kweli na nayatanguliza ili nisije nikaambiwa nina chuki na mtu. Ila suala la oili ya stelingi bado linanichoma, na ndilo lililonifanya niandike.

Gari langu ni Honda ya zamani, ya enzi za stelingi ya pampu na oili, si hizi za sasa zenye mota ya umeme ambazo hazina oili kabisa. Miezi kadhaa iliyopita nilifungua boneti nikakuta oili kwenye kile kikopo cha plastiki imekuwa nyeusi. Nilichovya ncha ya karatasi laini, ikaacha doa la kahawia lenye chembechembe katikati. Stelingi yenyewe ilikuwa nyepesi na haina kelele. Nilitaka tu oili ibadilishwe kabla mambo hayajaharibika, kwa sababu oili iliyochoka hubeba unga wa chuma na mabaki ya raba, na takataka hizo zinapita kwenye pampu kila unapokata kona.

Nilimwambia fundi mkuu waziwazi: "Kaka, hii inatumia oili ya stelingi ya Honda. Imeandikwa kwenye mfuniko." Hakuuangalia mfuniko. Aliniangalia mimi, kisha akawageukia wenzake akasema kwa sauti ya kusikika gereji nzima, "Siku hizi kila mteja ni fundi." Wakacheka. Nikarudia maneno yangu. Ndipo akanijibu: "Dada, oili ni oili. Sisi tunaweka ATF kwenye magari yote na yanatembea. Kazi yako kuendesha, haya tuachie sisi." ATF ni ile oili ya gia bokisi ya otomatiki.

Mfuniko ulikuwa umefunikwa na vumbi lililogandana na mafuta. Kitambaa alikuwa nacho begani. Angeufuta mara moja tu maandishi yangejitokeza, maana nyumbani niliufuta mwenyewe kwa kidole gumba na yakasomeka yote: utumie oili ya Honda pekee. Mtengenezaji wa gari ameandika hapo hapo unapomiminia oili, mahali ambapo mkono wa fundi lazima uguse. Sijui angeandika wapi tena.

Niliporudi kuchukua gari, oili kwenye kikopo ilikuwa nyekundu. Nikauliza. Nikaambiwa ndiyo nzuri zaidi, ndiyo wanayotumia wote.

Niseme haki hapa. Yule fundi hakuokota jambo hewani. Magari mengi ya zamani yanatumia ATF kwenye stelingi kweli. Toyota nyingi za miaka hiyo mfuniko wake wenyewe unataja Dexron II au III, ambazo ni aina za ATF, na ukiweka hiyo hujakosea. Bila shaka amezifanya nyingi na hazikurudi. Lakini kanuni ya Toyota si kanuni ya kila gari. Magari kadhaa ya Ujerumani yanataka oili ya kijani ya haidroliki, ya sintetiki, na ile hupaswi kuichanganya na ATF. Honda nao wana yao, na vitabu vyao vya ufundi vinaonya kwamba oili nyingine, ATF ikiwemo, inaweza kuongeza ulikaji wa vifaa na kuifanya stelingi iwe mbaya wakati wa baridi. Rangi peke yake haitoshi kukuambia kilichomo. Na hata huko kwenye ATF si zote sawa: General Motors, kampuni ya magari ya Marekani yenye jina hilo la Dexron, waliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa 2006, na Dexron VI iliyochukua nafasi yake ni nyepesi kuliko ile ya zamani. Kwa hiyo hata mwenye gari la ATF ana sababu ya kuuliza ni ATF ipi.

Na kuna jambo moja la kuwatetea. Kitabu cha mwenye gari cha Honda kinaruhusu oili nyingine ya stelingi kwa dharura, kwa sharti kwamba mfumo usafishwe na kurudishiwa oili yake mapema iwezekanavyo. Nimelifikiria hilo sana. Lakini mimi sikuwa na dharura. Gari lilikuwa limepaki kwenye gereji, nina muda na nina pesa, na nimewatajia oili ninayoitaka kwa jina.

Haikupita muda, asubuhi moja ya baridi, gari likaanza kulia. Mlio mwembamba unaopanda kila ninapokata usukani, na nikifika mwisho wa kukata unageuka kuwa kilio. Usukani ukawa mzito dakika za mwanzo, halafu unalainika injini ikipata moto. Nikafungua kikopo: povu. Povu dogo dogo la waridi juu ya oili, limeng'ang'ania ukingoni. Povu maana yake hewa, na pampu ya stelingi haivumilii hewa. Inategemea oili ile ile kulainisha vyuma vyake.

Nikarudi kwao. Safari hii hata boneti hawakufungua kwanza. "Mkanda umelegea." Wakaukaza, wakatoza hela. Kilio kikabaki. Nikarudi tena. "Pampu imekufa, dada. Gari la zamani hili, ulitegemea nini?" Na hapo hapo akanionyesha chupa ya dawa ya kuziba uvujaji, eti nitumie hiyo wakati natafuta pampu. Dawa zile nyingi kazi yake ni kuvimbisha sili za raba zilizosinyaa. Zinaweza kusaidia kwa muda, lakini stelingi yangu ilikuwa haivuji hata tone! Unavimbisha kitu gani?

Nilimwuliza swali moja tu: "Umeangalia kama inavuta hewa?" Akasema pampu ikifa inalia, basi, na akaenda kwa mteja mwingine nikiwa bado naongea. Alinipa mgongo. Nimelipa, nimesimama mbele yake na funguo mkononi, ananipa mgongo.

Nilipeleka gari kwa fundi mwingine, kijana anayefanya kazi peke yake. Yeye alianza kwa kufuta mfuniko. Sikumwomba. Aliufuta, akausoma, akasema, "Hii tutaitoa yote." Nilitamani kumkumbatia.

Kazi yenyewe niliisimamia mwanzo mwisho, na nitaieleza kwa sababu ndiyo tofauti ya kubadilisha oili na kuchanganya oili. Kunyonya kikopo kwa bomba la sindano na kujaza upya kunabadilisha sehemu tu, kwa kuwa oili nyingi ipo kwenye pampu, hozi na reki, ile sehemu inayosukuma magurudumu kukata kona. Unaweza kwenda hivyo kwa awamu, unanyonya, unajaza, unaendesha, unanyonya tena, na kwa gari lenye oili sahihi iliyochakaa tu ni njia salama kabisa. Kwa oili isiyo yake huyu kijana alikataa. Alipandisha magurudumu ya mbele kwenye stendi. Akachomoa hozi ya kurudishia oili kwenye kikopo, akaiingiza kwenye chupa tupu, na lile tundu la kikopo akaliziba. Kisha, injini ikiwa imezimwa, akanipa mimi usukani nikate hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto, taratibu, yeye anamimina oili mpya juu ili kikopo kisikauke. Kwenye chupa ikaanza kutoka nyekundu chafu, ikawa ya chungwa, ikapauka, mwisho ikatoka ile ya manjano hafifu iliyo sawa na inayomiminwa. Hapo ndipo alipoacha.

Kabla ya kujaza aliinua kikopo kwenye mwanga na kuangalia kichujio cha chini, kwa sababu matope yakiziba pale pampu inakosa oili na inalia hivyo hivyo. Kilikuwa safi. Halafu akafungua hozi ya kunyonya pale inapoingia kwenye pampu, akatoa ringi ndogo ya raba. Ilikuwa imebapa upande mmoja na imekakamaa; ukiibonyeza hairudi. Upande ule pampu inanyonya, kwa hiyo ringi ikichoka si lazima idondoshe oili nje, inaingiza hewa ndani. Akaweka mpya. Akajaza hadi mstari wa juu, tukakata usukani tena na tena bila kuwasha ili hewa itoke, ndipo tukawasha. Akanionya nisiung'ang'anize usukani mwisho wa kukata zaidi ya sekunde chache, kwani hapo shinikizo la pampu liko juu kabisa na oili inachemka.

Kilio kimekwisha. Asubuhi usukani ni mwepesi kama ulivyokuwa. Oili ile ya Honda naipa alama zote bila kusita. Chupa ni ndogo na utahitaji zaidi ya moja ukisafisha mfumo mzima, lakini nunua.

Sasa, kwa haki: inawezekana kilio kilitokana na ringi zaidi kuliko oili nyekundu. Kijana mwenyewe alisema hawezi kuapa, kwa kuwa vyote viwili tumevibadilisha siku moja. Nilipoandika sentensi hiyo nilifikiri labda ile gereji ya kwanza nawaonea, labda mbili na nusu zinawatosha. Lakini ndiyo kwanza hasira zimepanda. Kama ni ringi, basi walitaka kuniuzia pampu nzima kwa ajili ya kipande cha raba kinachokaa kwenye ncha ya kidole, na niliuliza kuhusu hewa kwa mdomo wangu! Kama ni oili, niliwaambia pia kabla hawajafungua chupa. Vyovyote iwavyo, jibu lilikuwa kwenye maneno ya mteja waliyemcheka. Nawapa moja, na hiyo ni haki ya yule aliyefunga breki.

Ukiwapelekea gari lako, oili yako nunua mwenyewe, simama pale pale, na chupa ifunguliwe mbele yako. Hapana, nafuta hiyo. Usiwapelekee. Juzi wamenipigia simu kuuliza lini naleta gari wafunge pampu. Nimewaambia pampu ni nzima, na kwamba nataka pesa ya oili na ya kukaza mkanda. Yule wa simu amesema atamwuliza fundi mkuu. Nasubiri, na nitawapigia mwenyewe wiki hii.