Kuziba vipara vya bustani Malindi: ununue nyasi gani?

Mwaka juzi nilinunua pakiti ya mbegu za nyasi, picha ya juu yake kijani kibichi cha kutamanisha. Nikazimwaga kwenye kipara kilicho chini ya mwembe wangu, nikawa namwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tatu nikaona msafara wa sisimizi, kila mmoja na mbegu yake, wakielekea ukutani. Zilizosalia zikachipua nyembamba kama nywele, na mwezi haukuisha kabla hazijakauka. Hapo ndipo nilipoigeuza pakiti nikasoma jina la kitaalamu: Lolium. Hizo ni nyasi za nchi za baridi.

Kwa hiyo orodha yangu inaanza na gunia la mashina ya nyasi. Pakiti iko chini kabisa. Lakini usitoe hata shilingi kabla ya kuchomeka msumari mrefu penye kipara. Ukigonga kitu kigumu, mafundi walikuachia kokoto na simiti chini ya mchanga, na hakuna nyasi itakayoshika mpaka uzitoe. Kisha tazama juu: pana kivuli? Mwisho onja maji ya kisima chako. Majibu hayo matatu ndiyo yanayokuchagulia.

Ya kwanza kwangu ni nyasi za Pemba. Jani lake ni pana na nene, ncha yake butu, na ni nyasi za pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, hazishangai chumvi wala mchanga. Zinavumilia kivuli kuliko wenzake wote nitakaowataja, kwa hiyo chini ya mwembe au mwarobaini usihangaike na nyingine. Huuzwa kwa gunia, mashina yatambaayo yenye mizizi. Yakate vipande vyenye vifundo viwili au vitatu, zika nusu, acha majani nje, nafasi ya sentimita 15 hivi. Ubaya wake ni kwamba hazina ulaini wa zulia. Watoto watalalamika wakikaa.

Gunia lenyewe lifungue kabla ya kulipa. Ingiza mkono hadi katikati: likiwa na joto na harufu ya kuchacha, nyasi zimeanza kuoza. Nami humuuliza muuzaji, "Mwanangu, hizi zimechimbwa lini?" Ataapa kuwa ni alfajiri ya leo, mkono wako ndio shahidi. Halafu kung'uta mizizi utafute ndago. Utaijua kwa vinundu vyeusi vilivyoungana kwa nyuzi nyembamba, na shina lake lina pembe tatu ukilizungusha vidoleni. Ndago ikiingia uwanjani utaing'oa hadi uzeeke, maana kila kinundu kinachobaki ardhini huchipua upya. Udongo mwekundu wa lori nao huileta, basi ukague vivyo hivyo.

Ya pili ni paspalamu. Kama kipara kiko juani na kisima chako kina chumvi, ipandishe iwe ya kwanza, kwani inastahimili maji ya chumvichumvi kiasi kwamba viwanja vya gofu vya pwani katika nchi nyingi hupandwa hiyo. Jani lake ni jembamba na laini kuliko la Pemba. Kivulini itakuvunja moyo.

Ya tatu, zulia la nyasi zilizokwisha kukomaa, linalokuja limekunjwa. Ni ghali, na ukilichelewesha siku moja au mbili juani limekufa. Lichukue ukiwa na harusi nyumbani wiki ijayo, au kwenye mteremko ambako mvua ya masika ingebeba kila kitu.

Ya nne, mbegu za ukoka, Cynodon dactylon kwenye pakiti. Hizi ni za joto kweli, na gramu 5 hadi 10 zinatosha mita mraba moja. Zinataka jua la kutosha, udongo wenye unyevu kila siku kwa wiki mbili au tatu, na zifunikwe kidogo tu. Zijaribu kwanza: weka mbegu 20 kwenye kitambaa kilicholowa maji ya kisima, nyingine 20 kwenye maji ya mvua. Za kisima zikikataa kuota ilhali za mvua zimeota, ubaya uko kwenye maji yako, rudi kwenye gunia. Ukoka haupendi kivuli hata kidogo.

Ya mwisho, mchanganyiko wowote wa mbegu wenye Lolium au Festuca, mwenzake wa nchi za baridi. Muuzaji wangu alisema zinaota popote. Nyasi za Kikuyu nazo ziacheni huko nyanda za juu zilikozaliwa. Joto letu si lao.

Kuna chaguo lisilo na bei: ikiwa uwanja uliobaki una afya, ng'oa mashina pembeni na uyapande kwenye kipara. Kwa kipara cha ukubwa wa mkeka mmoja sioni sababu ya kununua gunia.

Nunua Aprili masika yakianza, au vuli ya Oktoba na Novemba. Januari hadi Machi gunia huuzwa pia, lakini hapo utakuwa unanunua nyasi na maji kwa pamoja.