Pampu ya propela yenye kidhibiti: inawafaa gogonia, ila Botryllus ataka ipunguzwe

Namba kubwa kwenye boksi la pampu ya tangi la kufugia ni ya lita kwa saa. Kwa anayefuga makoloni ya wanyama wanaochuja maji, hiyo haimwambii kitu. Atakachotaka kujua ni kasi ya maji pale koloni lilipo, na pampu inashuka hadi wapi kabla haijakwama. Pampu ndogo za propela, zile zinazoshikwa kwenye kioo kwa sumaku, zinajibu swali hilo vizuri kuliko pampu za kasi moja, lakini zina kasoro zake.

Kwa gogonia, aina ya matumbawe laini, hakuna malalamiko makubwa. Hawa hawasukumi maji wenyewe. Hutandaza feni yao kukingama mkondo na kungoja chakula kipite. Sentimita 5 hadi 15 kwa sekunde ni pazuri pa kuanzia. Kupima ni rahisi: bandika rula nyuma ya kioo, dondoshea chakula kidogo, hesabu sekunde. Punje ikipita sentimita 10 kwa sekunde 1, umefika. Kasi ikizidi, polipi, yaani vinyama vidogo vinavyounda koloni, hulala na kukunja minyiri yao.

Kinachoudhi ni kitufe cha kulishia. Kinasimamisha pampu kabisa kwa dakika kadhaa, jambo zuri kwa samaki lakini kwa gogonia ni kumnyima sahani wakati wa kula, maana maji yaliyotulia hayamletei kitu. Usikitumie, punguza tu nguvu. Tena baadhi ya vidhibiti vikimaliza muda huo hurudi kwenye nguvu kamili kwa mshindo mmoja, na polipi wote hujifungia.

Botryllus, mnyama wa baharini anayeishi kwa makoloni bapa yaliyoganda kwenye mwamba, ana hesabu nyingine. Zuidi zake, yaani vinyama mmojammoja wa koloni, hujipanga kama nyota. Kila moja huvuta maji kwa mrija wake, ikitumia silia (vinyweleo vidogo sana vinavyopiga maji), na zote hutoa maji machafu kwenye chumba kimoja chenye tundu moja katikati. Tundu hilo la pamoja hutoa mchirizi wenye nguvu ya kupeleka uchafu mbali na midomo. Pampu ikilielekea koloni moja kwa moja, mirija hufunga na uchujaji unasimama. Ukiizima kabisa, maji yaleyale yaliyokwisha chujwa huzunguka na kurudi mdomoni. Elekeza propela kwenye kioo cha pembeni, nguvu ya chini kabisa, koloni lipate mkondo uliokwisha kuvunjika. Na likifunga kwa muda hata mkondo ukiwa sawa, usikimbilie kuilaumu pampu: kwenye joto la nyuzi 18 hadi 20, takriban kila wiki kizazi cha zamani cha zuidi humezwa na vichipukizi hushika nafasi.

Wagumu zaidi ni brayozoa wa kutambaa kama Membranipora, vinyama vidogo vya koloni vinavyotanda kama utando juu ya mwani au mwamba. Taji zao za minyiri zimesongamana, kila moja inavuta maji kwenda chini, na maji hayo lazima yapate pa kutokea: ukingoni, au kwenye mabomba ya wazi ambako taji zimeinamia pembeni kuyapisha. Hapa jaribio la rangi ndilo kipimo. Kwa pipeti nyembamba, achia tone la rangi ya chakula juu kidogo ya koloni, ukitazama kwa lenzi. Rangi ikizama kati ya minyiri kisha ikaibuka kwenye bomba, mpangilio uko sawa. Ikipeperushwa kabla ya kuzama, shusha nguvu.

Kushusha ndiko pampu hizi zinakofeli. Kwenye nguvu ya chini, utando wa mwani au chokaa kidogo kwenye ekseli hutosha kuikwamisha isiwake tena baada ya umeme kurudi. Iwashe kwanza kwenye nguvu ya kati, kisha shusha polepole. Kila mwezi fungua kizimba, loweka propela na ekseli kwenye asidi ya sitriki, kijiko kikubwa 1 kwa lita ya maji, mpaka povu liishe, kisha suuza kwa maji safi. Usiloweke waya wala plagi.