Chati ya redoksi ya buku tano: nimeipenda ila mstari wa oksijeni umenitia aibu

Wadau wa baiokemia, hasa nyie mwaka wa kwanza na wa pili, wiki tatu zilizopita nilinunua ile chati ya potensheli za ridaksheni (namba za volti zinazoonyesha kila kitu kinavyopenda kupokea elektroni) inayouzwa steshenari moja jirani na chuo (sitaji, wanajijua), saizi ya A3, imepigwa laminesheni, buku tano. Nilikua nimechoka na desa ambalo jedwali lenyewe limefotokopiwa mpaka alama za hasi zimefutika, na kwenye hii topiki hasi ikipotea umepotea na wewe.

Nianze na uzuri wake maana upo. Imepangwa zenye hasi kubwa juu, chanya chini, kwahiyo hauhitaji hata kalkuleta kujua elektroni zinaelekea wapi, wa juu anatoa wa chini anapokea basi. NAD (mbeba elektroni, akishazibeba anaitwa NADH) yuko -0.32, pairuveti na lakteti -0.185, fyumareti na saksineti +0.031, saitokromu c +0.254. Hapo ndo nikaelewa kitu nilichokua nakariri tu toka mwaka jana, kwanini saksineti anampa elektroni zake FAD (mbeba elektroni mwingine) na sio NAD kama wenzie wa Krebs, ule mzunguko wa kuchoma chakula ndani ya mitokondria. Kuzitoa +0.031 kuzipandisha mpaka -0.32 unadaiwa kilojuli kama 68 kwa moli, nani atalipa hizo? FAD iliyofungwa ndani ya kimeng'enya potensheli yake iko jirani na ya saksineti, inapokea bila ugomvi. Dakika moja ya kukodolea ukuta, kitu kimeingia.

Chini kuna fomula kwa wino mwekundu, delta G (nishati ya mmenyuko, hasi inatoka, chanya inadaiwa) ni hasi n (idadi ya elektroni) mara F mara delta E (tofauti ya potensheli), F, yani namba ya Faraday, wameweka 96.5 ili jibu litoke kwenye kilojuli moja kwa moja, na pembeni wameandika usizidishe E kwa idadi ya elektroni. Aliyeandika hiyo sentensi kashawahi kusahihisha testi za watu, namheshimu.

Sasa balaa. Jumamosi usiku mimi na rumeti tunapiga msuli, swali linauliza NADH ikipeleka elektroni mbili mpaka kwenye oksijeni inatoka nishati kiasi gani. Mimi na chati yangu, +1.23 toa -0.32, volti 1.55, mara 2 mara 96.5, kilojuli 299. Yeye na kitabu cha maktaba kapata 219. Tumebishana mpaka saa saba usiku, nikamwambia kabisa kitabu chako cha kizamani hicho kaa nacho mbali, yani nikikumbuka najificha uso.

Asubuhi akili imetulia naangalia mstari wa haidrojeni, imeandikwa 0.00. Aisee. Hiyo 0.00 na hiyo +1.23 ya oksijeni si ndo zilezile za kemia ya fomu siksi, waliosoma PCB mnazijua, ni za pH 0, asidi kali ya kuunguza, wakati ile -0.32 ya NAD ni ya pH 7. Jamaa kachukua majedwali mawili kabandika pamoja! Kwa hizo mbili pH ikipanda moja potensheli inashuka volti 0.059, mara saba unapata kama 0.414, ndo maana kwenye pH 7 haidrojeni inatakiwa isome -0.414 na oksijeni +0.816. Rudia hesabu, delta E ni 1.136, kilojuli 219, rumeti alikua sahihi. Kilojuli 80 za hewa hizo jamani, na kutengeneza ATP moja (sarafu ya nishati ya seli) kwa hali sanifu ni 30.5, kwahiyo chati imekuongezea ATP zaidi ya mbili na nusu ambazo hazipo. Mitokondria yenyewe kwa NADH moja inavuna kama 2.5 tu, yani kosa peke yake ni kubwa kuliko mavuno yote.

Nyuma nako kuna mfano wa maleti kwenda oksaloaseteti kwa NAD, hatua ya Krebs hiyo, delta G +29.7, hesabu safi kabisa, alafu wakamalizia "hivyo haifanyiki". Haifanyiki vipi na Krebs inazunguka ndani yako muda huu unaposoma? Hiyo +29.7 ni kila kitu kikiwa moli moja kwa lita, kasoro H+ iliyo kwenye pH 7. Kwenye mitokondria oksaloaseteti ikitokea tu inabebwa na asetili-CoA kutengeneza sitreti, inabaki kiduchu mno, ndo maana maleti anasogea. Fomula ya Nernst, inayoingiza viwango halisi vya vitu kwenye hesabu, ingewaokoa hapo na nafasi ilikuwepo kabisa, wakaamua kuijaza na maua.

Nikairudisha. Kaka wa dukani kaniangalia akacheka, "dokta mimi nauza karatasi tu, hayo ya ndani muulize mwalimu wako". Nikamwonyesha, akatoa maka pen akanipa nirekebishe mwenyewe alafu akanirudishia buku. Kwa hilo sina kinyongo nae.

Nyota tatu kwa tano. Laminesheni imara, chai imemwagika mara mbili haijaingia, maandishi unayasoma ukiwa kitandani. Ukienda kuinunua anzia mstari wa oksijeni, ukikuta bado 1.23 usitoe zaidi ya buku nne, na maka pen uende nayo mana ile ya kwake nimeondoka nayo mimi.